Kazi Imepangwa, Mhusika Hajaiona

Malalamiko huja kwa sentensi moja: "Kaka, lile ombi halijanifikia." Nilipoanza kusimamia programu za mtiririko wa kazi, zile zinazopitisha ombi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, nikisikia hivyo nilikimbilia mchoro unaoonyesha njia ya ombi. Nahamisha mshale, nabadilisha kanuni, nachapisha toleo jipya, kisha namwambia mlalamikaji atazame tena. Ombi linabaki pale pale. Nilichelewa kuelewa kwamba katika programu nyingi za aina hii, ombi lililokwisha kuanza huendelea kufuata toleo lililoanza nalo. Toleo jipya ni la maombi yajayo. Nilikuwa namtibu mgonjwa ambaye hajazaliwa.

Siku hizi nauliza kwanza: kazi yenyewe ipo? Siulizi kama barua pepe imefika, maana arifa ni kitu kimoja na kazi ni kingine. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua rekodi ya ombi lile lile linalolalamikiwa, uone limesimama hatua gani na sehemu ya mhusika, yaani anayepaswa kuifanya kazi, imeandikwa nini.

Ukikuta jina lake limekaa sawasawa, tatizo ni dogo: arifa imeangukia barua taka, au orodha yake ya kazi ina kichujio alichokiweka mwenyewe akasahau.

Ukikuta jina la kikundi, tulia kidogo. Hapa ndipo nimepoteza saa nyingi zaidi. BPMN 2.0, kiwango cha kuchora mitiririko ya kazi kilichotolewa mwaka 2011, kinatofautisha wanaoweza kuichukua kazi na yule aliyeichukua. Kazi ya kikundi husubiri mmoja aidake, na mara nyingi huonekana kwenye ukurasa wake, mbali na "kazi zangu". Akishaidaka mmoja, kwa wenzake inatoweka. Basi mtu anaifungua Ijumaa jioni "kuchungulia tu", anabonyeza kitufe cha kuichukua, Jumatatu yuko likizo, na kikundi kizima kinaapa hakijaona kitu. Dawa ni kuirudisha kikundini, si kugusa mchoro. Na kama mtu ameingizwa kikundini leo, mwambie atoke kwenye mfumo aingie upya kabla hujachimba zaidi. Huenda programu bado inatumia orodha ya zamani iliyojihifadhia.

Sehemu ya mhusika ikiwa tupu, shuku kanuni. "Mpe meneja wa mwombaji" ni kanuni nzuri hadi aombe mtu ambaye nafasi ya meneja kwenye taarifa zake haijajazwa. Mkuu wa wote hana meneja, naye pia huomba likizo! Weka mtu wa akiba wa kupokea kazi zisizo na mwenyewe.

Lililonitesa kuliko yote lilikuwa na kila kitu sahihi. Jina lipo, akaunti iko hai, ruhusa anazo, lakini orodha yake ni nyeupe. Baadhi ya injini, yaani programu zinazoendesha mtiririko wenyewe, Camunda na Flowable zikiwemo, huhifadhi mhusika kama maandishi tu. Haziulizi kama mtu huyo yupo. Nikalitoa lile jina kwenye hifadhidata na kulizungushia mabano ya mraba, na hapo ndipo nikaona: kati ya herufi ya mwisho na bano kulikuwa na upenyo. Nafasi tupu moja, iliyonakiliwa kutoka kwenye jedwali la majina. Kwa jicho ni jina lile lile, kwa mfumo ni mtu mwingine kabisa. Herufi kubwa na ndogo nazo huweza kukufanyia mchezo huohuo.

Ukishampa mtu kazi yake, usifunge malalamiko hapo. Tafuta maombi mengine yaliyosimama hatua hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Siku ile aliyelalamika alikuwa mmoja. Yaliyokwama yalikuwa kumi na moja.