Jibu: Mama amekoma hedhi miaka 9, anatoka damu, kipimo cha mlango wa kizazi ni safi

Mleta mada, pole kwako na kwa mama. Umeuliza kama damu hiyo kidogo ni ya kupuuza kwa kuwa kipimo cha mlango wa kizazi kimetoka safi. Siyo ya kupuuza. Kile kipimo kinaangalia mlango. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi hukaa juu yake, na mlango ukawa safi kabisa.

Mama mkwe wangu wa Kibosho alianza hivyohivyo. Matone, kisha majimaji ya rangi ya chai. Maumivu hakuna, kwa hiyo hakusema. Tulishtuka kuona anafua kanga zake usiku. Zahanati moja mjini Moshi ikampa antibiotiki, dozi ya kwanza, ya pili (huku kwetu kila shida ya mwanamke ni UTI sugu).

Hospitali ya KCMC wakampiga ultrasaundi ya kupitia ukeni. Kwa aliyekoma hedhi, ukuta ukizidi milimita 4 wanataka kinyama (kipande kidogo cha ukuta huo cha kupimwa), na wake ulizidi mbali. Kinatolewa kwa mrija mwembamba; tumbo linanyonga kidogo, basi. Kikaingia kwenye kichupa chenye dawa, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu. Jibu la patholojia (maabara inayopima kinyama) ndilo linalosema ni saratani au la. Ultrasaundi peke yake haitoshi.

Yeye ni mnene na ana sukari. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, nayo huukuza ukuta ule bila homoni nyingine, projesteroni, ya kuidhibiti. Kama mama yako amewahi kumeza tamoksifeni kwa saratani ya titi, mwambieni daktari.

Jibu la mama mkwe likaja ni saratani. Wakatoa kizazi, mirija na ovari. Yake haikuwa imezama kwenye msuli, hivyo mionzi haikuhitajika. Ikizama sana au ikifika kwenye tezi za limfu, huongezwa mionzi au dripu za kemo (dawa za kuua saratani), mara nyingi kaboplatini na paklitakseli.

Msianze kulia kabla ya jibu. Wengi wanaotoka damu namna hiyo hukutwa na ukuta uliokonda au polipu (uvimbe mdogo unaoota ndani ya kizazi). Wenye saratani ni kama mmoja kati ya kumi, na ikikutwa bado iko ndani ya kizazi wengi hupona.

Mpeleke kwa daktari wa wanawake wiki hii. Wakikuandikia antibiotiki tu, uliza palepale: kinyama kinachukuliwa lini?