Simbamwenni haipatikani kwenye ramani: kuchora safari ya Stanley ya 1871 darasani

SWALI: Nafundisha Historia na Jiografia katika sekondari moja hapa Morogoro. Nimewapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu kazi ya kuchora safari ya Henry Morton Stanley ya mwaka 1871, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwa Google Earth na kompyuta mbili tulizonazo. Tumekwama. Majina mengi, kama Simbamwenni, hayapatikani tukiyatafuta. Ramani ya zamani tuliyoipakua nayo haikai: tukiipatanisha na pwani, Ujiji inaangukia mbali, tukiipatanisha na Ujiji, Bagamoyo inaingia baharini. Mwisho, kila kundi limeleta mstari wake na sijui nisahihishe vipi.

JIBU: Mwalimu, mmeanza na mstari, na hapo ndipo kazi ilipoharibikia. Katika kazi ya namna hii mstari huchorwa mwisho kabisa. Ukichorwa mapema unameza maswali yote ambayo mwanafunzi alipaswa kuuliza, na unaonekana mzuri hata pale ambapo hakuna ajuaye msafara ulipita wapi.

Futeni mistari yote, mfungue jedwali tupu la Excel au LibreOffice. Kitabu cha Stanley kuhusu safari hii kilitoka 1872, hakimiliki yake imekwisha zamani na kinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Gawanyeni sura kwa makundi. Kila kambi inayotajwa ipewe safu mlalo yake: tarehe, jina kama lilivyoandikwa bila kulirekebisha, anachosema kuhusu mahali penyewe (mto, kilima, saa za mwendo tangu kambi iliyotangulia), mahali mnapodhani ndipo leo, latitudo, longitudo, kisha herufi moja ya uhakika. A ni mahali pasipo ubishi: Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara pale Tabora, Ujiji. B ni eneo linalojulikana ila sehemu yenyewe ndani ya eneo hilo haijulikani. C ni kukadiria tu, kwa kuhesabu saa za mwendo kati ya pointi mbili zilizo bora zaidi. Nisingemruhusu mwanafunzi yeyote aguse ramani kabla ya safu ya herufi kujaa.

Angalizo dogo litakalowaokolea kipindi kizima: Tanzania iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo zetu huandikwa na alama ya kutoa. Bagamoyo ni takriban -6.44 na 38.90. Mwanafunzi akisahau ile alama, Bagamoyo itahamia Ethiopia. Akibadilishana latitudo na longitudo, itatua Hispania. Desimali mbili zinatosha kwa pointi za B na C, kwa sababu desimali ya pili ni kama kilometa moja ardhini. Anayeandika desimali sita kwa kambi ya kukisia anadai kuijua ile kambi hadi sentimita kumi hivi.

Sasa majina. Simbamwenni mnaikalia. Ulikuwa mji wenye boma, ulioanzishwa na Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, na Stanley alipopita ulikuwa ukitawaliwa na binti yake. Mto anaouandika "Ungerengeri" ni Ngerengere wenu, na "Kingani" aliouvuka karibu na pwani ni Ruvu. Mnaona mtindo: jina la mji linaweza kufutika kabisa, lakini mto bado upo na jina lake halijaenda mbali. Kwa hiyo fundisha wanafunzi waanze na maji, kisha milima na mapito yake, na vijiji viwe vya mwisho. Vijiji vingi vya bara wakati huo viliitwa kwa jina la mtemi au jumbe aliyekuwapo, na akifa au akihama, jina lilikwenda naye. Halafu likaja jambo ambalo programu ya ramani haiwezi kulijua: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu kwa wingi sana, na baadhi ya vijiji vilibeba majina yao hadi mahali papya. Jina la Stanley likipatikana leo kwenye Google Earth, hiyo ni dalili tu. Ipeni B, na msiipandishe kuwa A mpaka mto au kilima alichokitaja kiwe kweli karibu.

Kosa la aina nyingine ni kuweka pini moja kwenye Ugogo, Ukonongo au Unyanyembe. Hizo ni nchi zenye mapana. Zichoreni kama eneo lenye rangi nyepesi, kingo zake zikiachwa hafifu, kwa maana hata wenyeji wa wakati ule wasingewaonyesha mpaka wa kuuwekea kigingi.

Tuje kwenye ramani isiyokaa, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu ya swali lako. Haikosi kukaa kwa sababu mmekosea kubonyeza. Ramani za bara zilizochorwa miaka hiyo zilitokana na vipimo vya wasafiri, na vipimo hivyo havikuwa na ubora sawa pande zote. Latitudo hupatikana kwa kupima urefu wa jua la adhuhuri au wa nyota angani, haihitaji saa. Longitudo inahitaji mtu ajue ni saa ngapi wakati huohuo mahali pengine, kwa mfano Greenwich. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa ikipotea dakika moja tu, longitudo inapotea robo ya nyuzi, na karibu na ikweta hiyo ni kama kilometa 28. Saa iliyosafiri miezi kadhaa kwenye mizigo, katika mvua na joto, ilipotea zaidi ya hapo, na mtu alilazimika kuirekebisha kwa kutazama mwezi na nyota, kazi ngumu kwa mwenye homa. Stanley mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari wa New York Herald, si mpima ardhi. Njia yake kwa sehemu kubwa ni dira na saa za mwendo.

Kwa hiyo tarajieni ramani ivutike zaidi mashariki–magharibi kuliko kaskazini–kusini. Hilo mnaweza kulionyesha darasani. Achaneni na ile zana ya kutandaza picha katika Google Earth, maana inawaruhusu kuvuta na kuzungusha picha kwa kukisia tu. Tumieni QGIS, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti ikishasakinishwa, yenye sehemu maalumu ya kuipa picha ya ramani latitudo na longitudo zake. Chagueni pointi sita hadi nane zilizotawanyika: Ras Nungwi kaskazini mwa Unguja, mdomo wa Ruvu, Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, mdomo wa Malagarasi. Ujiji iacheni nje. Chagueni ugeuzaji wa polinomia daraja la kwanza, yaani ule unaoweza kuzungusha, kukuza na kuinamisha ramani nzima bila kuikunjakunja. Programu itachora vijistari vyekundu kuonyesha kila pointi imekosea kiasi gani na upande gani. Waulize wanafunzi: vijistari vimelala upande upi? Kisha wapime Ujiji ya kwenye ramani iko umbali gani na Ujiji ya leo. Umbali huo ndio kosa halisi la ramani, kwa sababu hamkuitumia Ujiji kuirekebisha.

Utaona pia chaguo la ugeuzaji linaloitwa thin plate spline. Hilo hukunja ramani mpaka kila pointi ikae juu ya mwenzake na kosa lionekane sifuri. Ni zuri kwa bango la ukutani. Kwa kufundishia ni sumu, kwa sababu linafuta ushahidi mliokuwa mnautafuta.

Mkitumia na ramani za serikali za 1:50,000, ambazo nazipendekeza hasa zile zilizochapishwa kabla ya Operesheni Vijiji, kumbukeni nyingi zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabu latitudo na longitudo, na simu zenu zinatumia mfumo mwingine, WGS84. Msipoiambia QGIS tofauti hiyo, kila kitu kitahama karibu mita 300. Kwa msafara wa Stanley si kitu; kwa mwanafunzi anayetafuta kivuko cha Ngerengere kwa miguu, ni mbali.

Baada ya hapo ndipo mstari. Msiunganishe pointi kwa rula. Kati ya Bagamoyo na Ujiji, moja kwa moja angani, ni kama kilometa 1,030, na Stanley hakwenda hivyo hata kidogo. Kwihara alifika Juni, akakaa takriban miezi mitatu kwa sababu ya vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo, ambaye alikuwa ameifunga njia ya kawaida ya magharibi. Alipoondoka Septemba alizunguka kusini kupitia Ukonongo ndipo akapanda kuelekea Malagarasi. Kundi lililochora mstari mnyoofu Tabora–Ujiji limemfuta Mirambo kwenye historia, na wala halikukusudia.

Wapo pia watakaofuata reli ya kati, kwa sababu inaonekana vizuri kwenye picha za setilaiti na inakwenda kulekule. Reli hiyo ilifika Kigoma 1914, na mahali pengi inaukaribia mwendo wa misafara, lakini Mpwapwa mjini haipiti. Kituo chake ni Gulwe. Na picha za setilaiti zina hila yake: nyingi zinazopendeza ni za kiangazi. Stanley aliuvuka uwanda wa Mkata wakati wa masika, ukiwa maji na matope. Tafuteni picha za Aprili za setilaiti ya Sentinel-2, ni za bure, mlinganishe na za Septemba. Ufukwe wa Ujiji nao si ule wa 1871. Ziwa Tanganyika lilikuwa juu zaidi miaka hiyo, kisha likashuka baada ya maji kufungua njia ya Lukuga mwishoni mwa miaka ya 1870.

Hata tarehe zina ukungu. Stanley anaandika kwamba alikutana na Livingstone, mmisionari aliyekuwa akimtafuta, tarehe 10 Novemba 1871, lakini wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa maradhi, na hesabu za Livingstone zinaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Iwekeni tarehe hiyo B.

Ongezeni safu wima moja ambayo vitabu vingi vya shule huiruka: nani aliongoza. Njia hii ilikuwa ya misafara ya Wanyamwezi na ya wafanyabiashara wa pwani kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga. Sidi Mubarak Bombay alikwenda nayo na wapelelezi Waingereza Burton na Speke 1857, kisha akarudi nayo na Stanley. Ukiweka safari hizo mbili kama matabaka mawili, wanafunzi wataona zinapoachana: Burton na Speke walipita Zungomero, kusini mwa Uluguru, na Stanley akapita kwenu, kaskazini ya milima.

Kuhusu kusahihisha, usitafute mstari ulio sahihi. Toa alama nyingi kwa jedwali. Chagua kambi tatu bila kuwaambia, moja ya kila herufi, umwombe mwanafunzi akuonyeshe sentensi ya kitabu iliyompa mahali hapo. A zichorwe kwa mstari mzima, B kwa vistari, C kwa nukta. Kundi lenye nukta nyingi na sababu zake lipate zaidi ya kundi lenye mstari mzima usio na sababu. Na pale makundi mawili yanapotofautiana kwa zaidi ya kilometa kumi, yakalishe pamoja na ukurasa husika kabla hujaandika alama yoyote.