Nani kawadanganya kwamba mbwa anayecheza hawezi kulinda?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa dume wa kienyeji, miezi mitano, amechanjwa kichaa. Anaiba ndala na kukimbia nazo, nikimwita hageuki, na watoto wakicheza naye anawang'ata mikono. Jirani anasema watoto ndio wanaomlegeza. Ameshauri tumfunge bandani mchana kutwa na tumchanganyie pilipili kichaa na nyigu kwenye ugali ili awe mkali. Pilipili nimeshanunua, ila roho inasita. (Mama wa watoto wawili, Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba mama. Hizo pilipili zitieni kwenye kachumbari.

Swali lako lina mambo matatu, lakini nitaanza na la jirani maana ndilo linaloninyima usingizi. Kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, wiki haipiti bila mtu kuniuliza habari za pilipili, nyigu au bangi. Pilipili inamuunguza mbwa mdomo na tumbo, anatapika na kuharisha, basi. Nyigu akimchoma kooni, koo linaweza kuvimba hadi pumzi ikakata. Na bangi, ambayo wengi wanaiamini kuliko zote, ndiyo kichekesho kabisa: mbwa aliyelishwa bangi anayumba kama mtu aliyetoka kilabu cha ulanzi, anasinzia na kujikojolea. Huyo ndiye wa kuzuia wezi?

Najua imani hii inakotoka. Mbwa mwenye maumivu huuma kweli. Ila humuuma aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto anayempelekea sahani. Mwizi yeye huja usiku na mnofu wa nyama.

Mnaodhani mnyama hafundishiki kwa mchezo na chakula, fikeni Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya akipatia, anasikia mlio mdogo, tik, kisha anapewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, alipelekwa kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu. Panya huyo! Wala hakulishwa nyigu.

Sasa mbwa wako. Kabla ya kulalamika kwamba haji, jiulize akija hukuta nini. Akikuta mnyororo mara mbili na kofi mara moja, safari ya nne hata wewe usingekuja. Chemsheni pafu la ng'ombe kutoka buchani, likateni vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Watoto wasimame uani, hatua kumi kati yao. Mmoja aite jina mara moja tu. Mbwa akifika, apewe kipande papo hapo, kabla hujamaliza kusema "moja, mbili", kisha aachiwe. Halafu aite wa pili. Dakika tano asubuhi na tano jioni kabla hajala, zinatosha. Wakishazoea, mmoja ajifiche nyuma ya migomba aitie huko huko, yaani kombolela ileile wanayoijua. Ukimwita, usimfunge hapo hapo. Ukitaka kumfunga, mfuate mwenyewe.

Ndala mnazikosa kwa sababu mnamkimbiza. Ninyi mnadhani mnafukuza mwizi. Yeye anajua mnacheza naye, tena kwa mchezo anaoupenda kuliko yote. Simama, mwonyeshe dagaa, abadilishane nawe. Na ndala zisilale mlangoni, hilo halihitaji daktari.

Kung'ata mikono ni kwa sababu bado anaota meno ya ukubwani. Meno yakigusa ngozi, mtoto anyamaze, ageuke, mchezo uishe kwa nusu dakika. Asipige kelele wala kurusha mikono, huko ni kumchochea. Mpeni kitambaa kikuukuu kilichofungwa mafundo na kulowekwa kwenye maji baridi. Uyole mwezi wa Julai hamhitaji friji kwa hilo. Ila msimrushie mbegu ya parachichi kama mpira. Akiimeza inaziba utumbo, na hapo ni kupasuliwa.

Kuhusu kumfunga mchana kutwa: mbwa wa hivyo hubwekea kila kitu, hadi jani la mgomba. Mnazoea, mnageukia ukutani na kulala. Siku mwizi akija kweli, kelele ni zilezile za kila siku. Anayelinda ni yule anayewajua watu wa kwake, ndipo mgeni amshtue. Wako ana miezi mitano, bado mtoto. Sauti ya ulinzi itakuja akikomaa.

Wapo pia wanaouza "dawa ya ukali" minadani. Niliwahi kuletewa kikaratasi cha unga mwekundu, nikanusa: pilipili na tumbaku. Tumbaku ni sumu kwa mbwa. Wengine wanakata masikio kwa wembe na kupaka majivu, eti asikie vizuri. Lakini linalonitisha zaidi ni hili: mbwa asiyechanjwa analishwa nyigu, baada ya siku chache anabadilika ghafla, anauma hovyo, mate yanamtoka, na mwenye mbwa anafurahi kwamba dawa imekubali. Mate wanasema ni ya pilipili. Huyo huenda ana kichaa cha mbwa, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huo, haponi. Mbwa akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mchubuko. Msisubiri kuona mbwa atakufa au la.

Wa kwako amechanjwa, vizuri. Mwakani mwezi uleule mrudishe.