Feni inavuma na hujafungua kitu? Cheki intarapti kwanza, yaani hodi ambazo vifaa vinampigia prosesa

Laptopu yangu ya mtumba, niliiweka Ubuntu (mfumo wa Linux), ilianza vituko wiki ile ile niliyoinunua, unaiwasha tu hata brauza hujagusa feni inavuma kama mashine ya kusaga, betri iliyokuwa inakaa masaa manne ikawa mawili haifiki. Nikafuta kila kitu nikaweka mfumo upya, bando likaisha, tatizo liko pale pale. Usinifuate kwa hilo.

Fungua terminal uandike top, ikuonyeshe nani anakula prosesa. Kwangu kworker ilikuwa imekalia kori moja asilimia 80 na ushee, na hiyo siyo kirusi jamani, ni kibarua wa kerneli (kiini cha mfumo), hata ukimpiga kill hafi. Anafanya kazi aliyopewa, we tafuta nani anampa. Majibu yako kwenye /proc/interrupts, humo kila kifaa kina mstari wake na hesabu ya mara ngapi kimempigia hodi prosesa. Namba kubwa peke yake haikwambii kitu, taima ina mamilioni na ni kawaida yake. Andika watch -n1 -d cat /proc/interrupts, toa mkono kwenye kibodi na mausi, uone ipi inakimbia. Kwangu mstari wa 9, acpi, maelfu kila sekunde na mimi nimekaa tu naitolea macho.

Kwa njia hiyo ya ACPI ndio kifuniko, chaja, betri na joto vinaongea na mfumo, na kila gpe ni laini moja ya hodi za ACPI, sasa ujue ipi hasa inapiga kelele: grep enabled /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*. Wenzake wote wako sifuri au mbili tatu, gpe6F iko mamilioni! Ingia sudo -i kwanza, uwe na mamlaka yote ya mfumo (ukiandika sudo echo utakataliwa, ile sudo haivuki mshale wa >, hapo nilipoteza nusu saa nzima), kisha echo disable > /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F. Feni ikanyamaza.

Ila ukizima na kuwasha inarudi, kwa hiyo ongeza acpi_mask_gpe=0x6F kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayowasha mfumo), halafu sudo update-grub. Weka namba ya kwako, siyo yangu. Na kabla ya hiyo hatua ya kudumu funga kifuniko, chomoa chaja, ilaze uiamshe, maana unaweza kuwa umemziba mdomo mwenye kazi yake, kikigoma kitu andika enable badala ya disable.

Miezi baadaye nikapata BIOS mpya (programu ya ndani ya ubao wa laptopu) ya modeli yangu, nikaiweka, nikaitoa ile acpi_mask_gpe, gpe6F sasa inasoma 0.