Chora kebo zako kabla ya kuzichomeka

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimekabidhiwa klasta ya hifadhi ya data, nodi 4 na swichi 2. Kila nodi ina poti nyingi mpaka nachanganyikiwa. Nianzie wapi?" (Nodi ni kompyuta za hifadhi zinazosaidiana ndani ya klasta, swichi ni kifaa kinachoziunganisha kwa kebo, na poti ni tundu la kuchomekea kebo.) Nilimjibu usiku huohuo, kisha usingizi ukanipaa. Swali lake lilinirudisha kwenye klasta ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu.

Ilikuwa na nodi 2. Kila nodi ilikuwa na kadi 2 za mtandao, na kila kadi poti 2 za gigabiti 10 kwa sekunde. Katika kadi ya kwanza, poti moja niliipeleka swichi ya kushoto, nyingine ya kulia. Kadi ya pili nikaiacha tupu, iwe akiba. Taa za kijani zikawaka. Nikazima swichi ya kushoto kwa majaribio, kazi ikaendelea kama kawaida. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mfumo unahimili hitilafu yoyote. Hilo neno "yoyote" linaniuma hadi leo.

Miezi michache baadaye, kadi ya nodi ya kwanza ikafa. Haikufa poti moja, ilikufa kadi nzima, na njia zangu zote mbili zilikuwa zimepita humohumo. Anwani za IP za data, zile ambazo seva huzitumia kuifikia hifadhi, zilipaswa kuhamia nodi ya pili, na kweli zilihamia. Ila kule kwenye swichi, poti za nodi ya pili hazikuwa zimeruhusiwa VLAN ile, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Anwani zipo, hazifikiki. Seva zilizosoma faili kwa NFS (njia ya kutumia faili kupitia mtandao) hazikutoa hata ujumbe wa kosa. Ziliganda tu, maana kwa kawaida NFS husubiri mpaka hifadhi irudi. Simu zikaanza kulia. Asubuhi yake, kikaoni, niliulizwa mbele ya wenzangu ripoti yangu ilikuwa na maana gani. Sikuwa na jibu. Na aliyeniagiza niache kadi ya pili tupu alikuwa ameketi meza hiyohiyo, kimya.

Basi ndugu yangu, usiguse kebo kabla ya kuchora jedwali. Kila mstari uonyeshe nodi, kadi, poti, swichi, poti ya swichi, VLAN na MTU (ukubwa wa juu wa kifurushi kimoja cha data, kwa baiti). Poti za nodi kuzungumza zenyewe kwa zenyewe usizichanganye na za data, na usimamizi uwe na njia yake. Kisha pitisha kidole mstari kwa mstari ukijiuliza: kadi hii ikifa, kinabaki nini? Swichi hii je? Nodi nzima je? Kila poti ambayo anwani inaweza kuhamia iwe kwenye VLAN ileile na MTU ileile. Narudia kwa sababu hapa ndipo nilipoumia: ileile.

MTU nayo ina hila. Ukiweka 9000 kwenye hifadhi na swichi moja ikabaki 1500, ping ndogo (ujumbe wa kupima kama kifaa kinafikika) itapita na utadhani mambo ni mazuri, kumbe faili kubwa zinakwama. Pima kwa ping ya baiti 8972 iliyokatazwa kugawanywa. Baiti 28 zinazobaki ni vichwa vya IP na ICMP, yaani maelezo yanayotangulia data ndani ya kifurushi cha ping.

Usidanganywe pia na hesabu ya LACP, utaratibu wa kuunganisha poti kadhaa zifanye kazi kama moja. Poti 2 za gigabiti 10 zilizounganishwa haziipi seva moja gigabiti 20 katika muunganisho mmoja. Muunganisho huo hupita kebo moja tu. Na nodi zinazobebana mbilimbili, moja ikichukua kazi ya mwenzake aliyeanguka, kila moja isizidi nusu ya uwezo wake siku za kawaida, la sivyo siku mwenzake akianguka itabeba mzigo isiouweza.

Mwezi uliopita nilizima swichi nzima mchana, watu wakiwa kazini, ili nibadilishe programu yake. Siku moja kabla nilikuwa nimechomoa kebo mojamoja, kila moja na lebo pande zote mbili, nikitazama anwani zinavyohama na kurudi. Nilisimama mbele ya raki mpaka swichi ikawaka tena. Hakuna aliyepiga simu.

Kijana wangu, jedwali lako nitumie kabla hujafungua boksi la kebo. Nitalisoma mstari kwa mstari.