Mwandishi kamuandika kipa wangu vibaya, nimfungie milango?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni kocha wa timu ya mpira ya chuo kimoja hapa Mbeya, wachezaji wote wanafunzi, hawalipwi kitu zaidi ya nauli na soda. Mwezi uliopita tulifungwa 3 bila kwenye mashindano ya vyuo, gazeti moja la huku kwetu likaandika kipa wangu hana akili ya mchezo na eti usiku wa kuamkia mechi alionekana Mwanjelwa kwenye baa. Kijana ana miaka 20. Toka siku hiyo mazoezini anakuja anajikokota, mama yake kanipigia simu kutoka Tukuyu analia, watu sokoni wanamuuliza. Nimempiga marufuku yule mwandishi kukanyaga mazoezini, nimewaambia vijana asiongee naye mtu, na mechi ijayo nikimkuta nataka nimpe za uso mbele ya waandishi wenzake. Mkuu wa michezo chuoni anasema nakosea. Nakosea wapi?
Kocha, Mbeya

JIBU: Ugonile mwalimu. Pole sana, na ufikishie na mama salamu zetu. Kumtetea kijana haujakosea hata kidogo, ila hizo njia ulizochagua naomba nikuoneshe zilivyowafanya wenzako waliozipita kabla yako, maana huu ugomvi wa makocha wa vyuo na magazeti ya mjini kwao Marekani wanao miaka na miaka. Kule mpira wa vyuo, ule wao wa kuvaa helmeti na kushika kwa mkono, ni mkubwa mno, viwanja vingine vinaingiza watu zaidi ya laki moja, na gazeti la mji linaishi kwa kuandika timu ya chuo.

Tarehe 22 Septemba 2007 timu ya Oklahoma State iliifunga Texas Tech 49 kwa 45. Ushindi mzuri kabisa. Kocha wao Mike Gundy akaingia kwenye mkutano na waandishi lakini mechi hakuizungumzia, akanyanyua gazeti la The Oklahoman lililokua na makala ya mwandishi mmoja mwanamke kuhusu kijana aitwaye Bobby Reid, yule anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi, ambaye namba yake alishapewa mwenzie. Makala ilimchora Reid kama mtu laini asiye na moyo wa kupambana, mpaka ikaandika mama yake alivyoonekana akimlisha kuku nje ya uwanja. Gundy akapiga kelele dakika kadhaa, kwamba robo tatu ya makala ni uongo, kwamba usimuandike mtoto anayesoma na kujitahidi, niandikeni mimi, mimi mwanaume, nina miaka 40!

Ukiisikia unampigia makofi, na mi nakiri mara ya kwanza nilimpigia. Lakini angalia kilichofuata. Ile makala ingesomwa Oklahoma ikaisha, ile kelele ikarushwa kwenye televisheni nchi nzima na mpaka leo watu wanairudia, na kila anayeirudia anauliza huyo kijana alifanya nini. Reid akahama akaenda kumalizia chuo cha Texas Southern, na baadae alikuja kusema wazi kwamba ile hotuba ya kocha wake ndo ilimuumiza. Na kingine, kocha alipoulizwa siku zilizofuata ni kipi hasa kilichokua uongo kwenye makala hakukitaja. Hapo ndo alipopoteza kesi.

Kwaiyo mwalimu kabla ya kumpa mtu za uso kaa na hilo gazeti, kaa na kipa wako pia, faragha, umuulize taratibu: ulikua Mwanjelwa usiku ule au haukua? Kama hakua, basi hilo ni kosa la ukweli, andika barua kwa mhariri (kwa mhariri, sio kwa mwandishi), taja ukurasa na sentensi, sema kijana alikua wapi na nani alikua nae, dai wasahihishe palepale walipoandika. Wakigoma, Baraza la Habari Tanzania linapokea malalamiko ya namna hiyo na kusuluhisha. Kama alikua kweli, hapo una kazi na kipa wako, sio na gazeti. Lile la kutokua na akili ya mchezo ni maoni, barua ya kusahihisha hailiwezi, ila mwambie mhariri hivi: mchezaji wa Mbeya City au Prisons analipwa mshahara, anapopondwa kwenye gazeti ni sehemu ya kazi yake, huyu wangu analipa ada na kesho ana mtihani. Andika magoli aliyofungwa, akili yake iache. Mi naliamini hilo kabisa na nimeshakataa stori za aina hiyo mezani kwangu. (Hata kule Marekani wakati wa Reid wanafunzi walikua hawaruhusiwi kulipwa, ni toka 2021 tu ndo wameanza kuingiza hela kwa majina yao.)

Sasa marufuku. Mwaka 2012 kocha Lane Kiffin wa chuo cha USC kule Los Angeles alimfungia mwandishi wa Daily News wiki mbili kwa sababu kaandika mchezaji kafanyiwa opresheni. Kesho yake tu wakubwa wa chuo wakaiondoa, na lile jeraha alilotaka lifichwe likawa habari kubwa mara kumi. Mwaka 2023 chuo hichohicho, chini ya kocha mwingine, kikamfungia mwandishi wa Orange County Register wiki mbili, na nayo ikafutwa kabla hata haijaisha.

Na kuna hili zito zaidi. Julai 2023 chuo cha Northwestern kilimsimamisha kocha Pat Fitzgerald wiki mbili kwa sababu ya unyanyasaji wa wachezaji wapya kwenye timu yake, maelezo waliyotoa yalikua machache sana. Siku iliyofuata gazeti la wanafunzi wa hapohapo chuoni likachapisha aliyoyasema mchezaji wa zamani, kwa kirefu, na tarehe 10 kocha akafukuzwa. Yeye alisema hakujua, akafungua kesi, na 2025 wakamalizana nje ya mahakama. Sikufananishi na timu ile hata kidogo mwalimu, nachosema ni kwamba ukiwakataza vijana 25 wasiongee na mwandishi, siku mmoja wao akifanyiwa jambo baya na mtu mzima huyo kijana ataongea na nani?

Toa hilo katazo la kuongea leo leo. Mazoezini weka siku moja ya wiki waandishi wote waje, nyingine funga kwa wote. Na tafadhali usiwape nafasi kwenye kosta ya timu mkienda Iringa wala bahasha, hawa wenzetu wa mikoani wengi wanalipwa kwa stori, nauli yako leo inakua deni kesho na mnaanza kuoneana haya au kulipizana.

SWALI: Mi ni ripota wa kujitegemea Iringa. Straika wa timu ya chuo kaumia mazoezini kabebwa mbele ya macho yangu, kocha kasema nisiandike mpaka mechi ipite. Niandike?
Ripota, Iringa

JIBU: Inategemea uliingiaje, kaka. Kama ulikubali masharti mlangoni kwamba majeruhi hayaandikwi, yashike, vyuo vingi Marekani vinaweka sharti hilohilo na waandishi wanalikubali. Kama hakukua na sharti, andika ulichokiona: kabebwa, hakurudi. Goti limekuaje au kipimo kimesema nini usiandike mpaka mwenyewe akuruhusu, taarifa za afya ya mtu zimelindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na kabla ya kutuma mpigie kocha umwambie unaandika, asije akaisoma stendi asubuhi.