Mtoto na Nyanya Hawavuki Barabara kwa Njia Moja

Kwetu kila anayetoka nyumbani huagwa kwa maneno yale yale: "Uangalie magari." Anaambiwa mtoto wa gredi ya pili, anaambiwa kijana wa sekondari, anaambiwa nyanya anayekwenda kanisani. Naishi na wote hao hapa Chavakali, karibu na barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, na naamini maneno hayo hayamfai hata mmoja wao. Kila umri una shida yake barabarani.

Mtoto wa miaka saba analiona gari vizuri. Asichoweza bado ni kukadiria linakuja kwa kasi gani. Kwake gari lililo mbali liko mbali, basi. Halafu kuna kimo chake. Matatu ikisimama stejini naye apite mbele yake, dereva anayeipita matatu hiyo hamwoni kabisa. Ndiyo maana nimewaambia wangu: ukishuka, ngoja matatu iondoke kwanza, hata makanga akikuhimiza uvuke haraka. Katika hilo makanga hatiiwi. Na aliye chini ya miaka kumi anavushwa na mtu mzima, si na dada yake wa miaka minane. Mshike kifundo cha mkono. Vidole huchomoka mara tu anapomwona rafiki ng'ambo.

Mama mkwe wangu anayajua magari kuniliko. Anachokosa ni muda. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Mwenye nguvu zake huivuka kwa sekunde 6. Mzee wa magoti mabovu huhitaji 9 au zaidi. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo 9 limeshakula mita 200. Gari ninalolipuuza mimi kwa kuwa liko kule chini, kwake yeye limeshafika. Sheria inataka mwendo usiozidi 50 madukani na mijini, lakini nani hapa asiyeyajua magari yanayoteremka kuelekea Kisumu?

Basi tafuta pahali ambapo mzee wako ataona mita hizo 200 kila upande. Milima yetu ya Maragoli ina kona nyingi, na kuvukia karibu na kona au kilele kunamnyima nafasi hiyo. Penye matuta ni bora zaidi. Mama mkwe alinijibu, "Mwanangu, nizunguke hadi kule na magoti haya?" Alikuwa na haki. Tukawaomba vijana wa boda wa pale stejini wawe wanamvusha, wakakubali bila kudai chochote. Naomba kila steji ifanye hivyo.

Vijana wa shule za kutwa shida yao ni giza. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili unusu, na wao huwa njiani mapema kuliko hapo, wamevaa sweta za rangi nzito. Watembee upande wa kulia, wakitazamana na magari, wakiwa na kitu cheupe au jaketi inayong'aa, masikioni pasiwe na muziki.

Kuhusu bodaboda sina la kubembeleza. Sheria inaruhusu abiria mmoja, mwenye helmeti. Mzazi anayepakia watoto watatu na mikoba yao anajua anachofanya.

Tena kuna akina mama wanaopanga sukuma wiki na ndizi ukingoni mwa lami. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likavamia magari na wachuuzi kando ya barabara, na watu 52 wakafa. Huyu mama hata havuki, amekaa tu. Dada yangu, rudi nyuma kadiri unavyoweza, na usikae ukiyapa mgongo magari yanayoteremka.

Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lolote. Kama kwenu hakuna tuta wala kivuko, pelekeni jambo hilo kwenye baraza la chifu, kisha wazazi, walimu wakuu na wazee mtie sahihi barua moja. Barabara hii kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, kwa hiyo barua iende huko, nakala kwa mbunge na kwa kaunti.